Aliyechorwa Akiwa Juu

Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiupita ukuta wa duka la Mzee Halake, pale Chechelesi, mbio mbio, macho yangu yakiwa upande wa pili wa barabara. Mama akinituma sukari nilizunguka nyuma, kwenye jalala na mbuzi, ili mradi nisipite mbele. Nilikuwa msichana mwenye mdomo, sikuogopa mbwa wala mwalimu, lakini ukuta ule uliniweza. Kaka yangu Lokiru alikuwa pale, amechorwa, na miguu yake haikugusa chini.

Aliyemchora ni Mjomba Ekal, ndugu yake mama. Kazi iliyomlisha ilikuwa kuandika majina ya maduka na kuchora vikombe vya chai kwenye kuta za hoteli, lakini ugonjwa wake hasa ulikuwa edonga, ngoma yetu Waturkana ya kuruka. Jumapili vijana wakikutana kwenye mchanga wa mto mkavu, yeye alichuchumaa kando na kipande cha mkaa na karatasi za mifuko ya simiti, akachora bila kuutazama mkono wake. Hakujali sura za watu. "Sura inadanganya," alikuwa akisema. "Mtu ni vile anatoka chini." Alichora bega juu ya bega lilelile, mstari juu ya mstari, mpaka ukiangalia unaona kabisa mtu anapanda.

Lokiru ndiye aliyempenda kuliko wachezaji wote. Katika edonga mwanamume huinua mikono iwe pembe za maksai wake, na kila mmoja ana mkunjo wake. Maksai wa Lokiru alikuwa na pembe zilizopanda wima, basi naye aliinua mikono wima, vidole wazi, akaruka mpaka wasichana wakasahau kuimba. Nilijivunia sana. Niliamini hakuna mtu Isiolo nzima aliyekaa hewani kama kaka yangu.

Mzee Halake ndiye aliyetoa ukuta. "Chora tu," alimwambia Mjomba, "lakini macho usiweke. Mimi ni Muislamu, sitaki mtu ananiangalia nikifunga duka." Mjomba alicheka, maana macho hakuyahitaji. Aliyekataa ni Ata, nyanya yetu, aliyewazaa Mjomba na mama. Alikuja na fimbo yake akasimama nyuma ya ngazi.

"Ekal, usimchore akiwa juu."

"Kwa nini, mama?"

"Mtu akiruka anaachana na kivuli chake. Ni kidogo tu, halafu anashuka, wanakutana. Sasa wewe ukimshika huko juu, atashuka wapi?"

"Mama, hii ni rangi tu."

"Nimesema."

Mjomba alimheshimu mama yake, lakini mkono ulikuwa umeshawaka moto. Alimaliza. Mtu yule hakuwa na macho wala mdomo, na bado kila aliyepita alisema, "Si huyu Lokiru!" Ata alitazama mara moja, akajifunika shuka kichwani, akaenda zake.

Kisha kiangazi kikauma. Lokiru akapeleka ng'ombe upande wa Kipsing, ambako watu walisema majani bado yako. Mwanzoni alikuwa akipiga simu akipanda kilimani. Halafu simu ikanyamaza, na mjini zikaanza habari kwamba watu wanagombania maji huko. Mama aliacha kula. "Piga tena," aliniambia asubuhi, mchana, jioni, na mimi nikapiga, na yule mwanamke wa kwenye simu akatujibu vilevile, kwamba mteja hapatikani. Nilimchukia mwanamke yule kama vile ndiye aliyemficha kaka yangu.

Ata hakuulizia simu. Alimfuata Mjomba akamwambia, "Mpe chini. Mchoree udongo chini ya miguu, na kivuli chake, ashuke arudi nyumbani."

Safari hii Mjomba hakubisha. Alasiri moja alichanganya udongo mwekundu na gundi, na sisi tukasimama kutazama, Ata, mama na mimi. Alipandisha ardhi taratibu mpaka ikagusa vidole vya miguu, kisha akalaza kivuli. Ata akashusha pumzi. Mama akanishika bega, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamwona akitabasamu.

Mjomba akarudi nyuma ili aone kazi yake, akaishusha brashi. Hakuwa ameugusa mwili hata kidogo. Mikono ilikuwa ileile, mabega yaleyale. Lakini yule aliyekuwa akiruka sasa amesimama, na mtu aliyesimama tuli, mikono iko juu, vidole wazi, hachezi ngoma. Watoto waliokuwa wakitoka shule wakasimama kututazama, kisha wakautazama ukuta. Mmoja akapiga kelele kwa furaha, "Mikono juu!" Wakakimbia wakicheka, wakipigana risasi za vidole.

Mama aliondoa mkono begani kwangu.

Kesho yake alifika kijana mmoja aliyeondoka pamoja na Lokiru. Alikuwa amekuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na chai aliikataa. "Hakukuwa na vita," alisema. "Wezi walitukuta kisimani. Lokiru aliwaambia wachukue tu ng'ombe. Aliinua mikono, mama. Aliinua kabisa. Wakampiga risasi hivyo hivyo."

Wenzake walikuwa wamemzika kulekule. Mama hakupata mwili wa kulilia, alipata ukuta tu. Siku ya tatu ya msiba aliinuka akauendea, na sisi tukamfuata.

"Mrudishe juu," alimwambia Mjomba.

Ata akaweka fimbo mbele ya Mjomba. "Usithubutu. Ameshuka, amekutana na kivuli chake. Mwache alale. Ukimwinua tena atazunguka hapa siku zote."

"Azunguke," mama akasema. "Siwezi kupita hapa kila siku nikimwona anawaomba wale watu."

Mjomba alimtazama mama yake, akamtazama dada yake. Halafu akatoa kisu mfukoni akaanza kukwangua udongo. Ata hakungoja amalize, na mpaka anakufa hakukanyaga tena duka lile. Mjomba bado anachora wachezaji, lakini wote wameketi chini, wanavua viatu.

Sisemi Ata aliona kweli. Waliomuua Lokiru hawakuwahi kuuona ukuta wa Chechelesi, walitaka ng'ombe. Hivyo ndivyo ninavyowaambia wanangu, na ninaamini. Ila mwanangu wa kiume akiruka uwanjani na mtu akatoa simu ampige picha, mimi hupaza sauti bila kujua, "Ngoja ashuke!" Wananicheka, na nawaacha wacheke.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile nilishuhudia mwanamke anayeamini na mwanamke asiyeamini. Mama anakwenda kanisani, Ata hakwenda, kwa hiyo hesabu hiyo ilikuwa rahisi. Juzi, alasiri, upepo ulianza kugonga mabati, na mama, ambaye sasa ni mzee, akaacha kuchambua maharagwe akasikiliza kwa muda mrefu. Nikathubutu kumuuliza anasikia nini.

"Anacheza," akasema.

"Mama, na wewe uliamini yale maneno ya Ata, kwamba angezunguka?"

"Yote."

"Na humwogopi?"

"Namwogopa sana." Akarudisha mkono kwenye maharagwe. "Lakini anakuja akicheza."