Mama Alipokataa Kutuvusha

Shamba letu la mpunga lilikuwa ng'ambo ya mto. Kila mwaka, ukifika mwezi wa pili, tulifunga nyumba yetu ya kijijini Mkongo tukavuka wote: baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume. Huko tuliishi kwenye dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu, sakafu yake ya fito, unapanda kwa ngazi. Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Tangu alfajiri mpaka jua linazama tulipiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo ili wasishuke kwenye mpunga, na sauti zilitukauka. Kijijini tulirudi mwezi wa sita, pengine wa saba, mavuno yakiisha.

Siku ya kuvuka aliipanga baba, kama alivyopanga kila kitu, kwa sentensi moja, akiwa ananawa mikono baada ya kula. Nisimsingizie: hakuwa mkali. Akitoka mtoni na samaki alimchagulia mama yule mnono kuliko wote, akamwambia huyu wako, usimgawe. Ila neno la nyumba lilikuwa lake, na sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza kwa nini.

Mwaka ambao nilikuwa darasa la nne, baba aliondoka dunguni kwenda kwenye msiba, akasema atarudi baada ya siku mbili. Alipoondoka tu, mdogo wangu akashikwa na homa. Mama alimkanda kwa maji, akamnywesha uji, akakaa anaangalia njia. Jirani mmoja alikuwa na mtumbwi na alikuwa tayari kutuvusha. Mama akamshukuru, akasema mwenye watoto hayupo, akija ndiye ataamua. Simu ya baba haikupatikana. Tukalala hivyo, tukashinda hivyo, na asubuhi iliyofuata mdogo wangu akakakamaa mwili mzima, macho yakageuka. Mama alimbeba akakimbia naye kwenye matope mpaka kwa yule jirani, mimi nyuma yake nimeshika viatu vyake.

Mtoto alipona. Alilazwa wiki moja, akarudi anadai andazi. Lakini mama hakurudi vilevile. Alifanya kazi zake, alitupikia, alicheka na watu kisimani, ila kuna kitu alikuwa anakitafuna peke yake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, baba alinawa mikono akasema tutavuka Jumatatu. Mama alikuwa anakusanya vyombo. Akaviweka chini.

"Mwaka huu sivuki na watoto," alisema. "Watakaa hapa wasome. Mimi nitakuja Ijumaa jioni nirudi Jumapili. Shule zikifungwa tutakuja wote."

Baba alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. Akauliza nani ataamia ndege. Mama akasema hajui, lakini si sisi. Baba hakugomba. Alitoka akaenda msikitini, na siku tatu nzima hakusema na mtu humo ndani isipokuwa kuku. Siku ya nne akampigia simu dada yake mkubwa, shangazi yetu wa Nyamwage, aje azungumze na mke wake.

Shangazi alifika kwa bodaboda, khanga mbili mabegani, uso wa kazi. Sisi watoto tulimwogopa. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, akakaa mkekani. Akamsikiliza baba mpaka mwisho. Halafu akamgeukia mama.

"Haya, wifi. Na wewe sema."

Mama aliinuka. Aliingia ndani akatoka na madaftari yangu ya miaka mitatu, akayafungua mbele ya shangazi. Kila ukurasa una tarehe juu, kama mwalimu alivyotufundisha. Kila mwaka, baada ya wiki ya kwanza ya Februari, ukifunua ukurasa unakuta mwezi wa saba. Shangazi hakujua kusoma vizuri, lakini tarehe alizijua. Akafunua la kwanza, la pili, la tatu. Ndipo mama akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Na mwaka jana mtoto aliumwa, mimi nikakaa nangoja ruhusa. Mtumbwi upo, mwenyewe yupo, mimi nangoja. Angekufa, wifi, ningesema nilikuwa nangoja nini?"

Baba alikuwa hajui hilo. Alijua mtoto aliumwa. Hakujua kuwa mtumbwi ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Niliona anainama, anachokoa ukindu wa mkeka. Shangazi alifunga madaftari, akayapanga vizuri.

"Mdogo wangu," akamwambia, "nenda kaamie ndege mwenyewe."

Basi akaenda. Majirani zake wa shambani walimsaidia kwa zamu, naye akawasaidia wao. Kilichomshinda ni jiko. Maisha yake yote hakuwahi kupika zaidi ya kuchoma samaki. Wiki ya kwanza alipiga simu karibu kila siku mchana kuuliza maji ya wali wa vikombe viwili ni kiasi gani, na kama ukoko mweusi unalika. Mama alimjibu kwa upole na heshima zote. Akishakata simu alikaa chini kwenye kizingiti akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Nadhani alimpenda zaidi mwaka ule. Ijumaa alivuka na tui la nazi kwenye chupa na kisamvu kilichokwisha kutwangwa, na Jumapili alirudi anaimba.

Mwezi wa nne mto ulijaa. Mafuriko tulikuwa tumeyazoea, mpunga wetu uliyahitaji, lakini yale yalikuja kwa haraka na hayakusimama. Simu ya baba ilizimika. Siku ya pili wanaume walikusanyika kando ya mto, wakakubaliana wasubiri maji yapungue kwanza. Mama alifika pale na khanga yake kiunoni akamwomba mtumbwi yule jirani wa mwaka uliopita, aliyekuwa amewahi kurudi kijijini kabla maji hayajajaa. Jirani akamwambia shemeji, tungoje kidogo, wenzetu wanashauriana.

"Kungoja nilishangoja," mama akamjibu.

Jirani na kaka yake walivuka naye. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na huyo jirani, kwa sababu mama hayasimulii. Walimkuta baba juu ya dungu, maji yamebakiza shubiri mbili kufika kwenye sakafu. Alikuwa amekaa na gunia la mbegu, redio, na jogoo mmoja. Ng'ambo nzima ilikuwa maji matupu. Mtumbwi ulipogusa nguzo, kitu cha kwanza alichouliza ni watoto wako wapi.

"Shuleni," mama akamwambia.

Jirani anasema baba alivua kofia akajifunika nayo uso, akakaa hivyo muda mrefu, na mama alimwacha. Halafu akamwambia ashuke, ila jogoo amshike vizuri asije akapindua mtumbwi.

Mpunga wote ulikwenda na maji. Mwaka ule tulikula muhogo wa kipande cha shamba ambacho mama alikuwa amekilima nyuma ya nyumba, siku zile za kati ya Jumapili na Ijumaa. Tuliuchoka, lakini hatukulala njaa.

Baba alianza kusema maneno mapya. Mtu akimwuliza jambo, la shamba au la harusi ya mpwa, alijibu ngoja nikazungumze nyumbani. Wenzake wa barazani walimtania kwamba siku hizi anaomba ruhusa ya kwenda kuswali. Alicheka nao, kisha akaja kuzungumza nyumbani. Si kwamba mama alipatia kila kitu. Aliwahi kung'ang'ania tufuge bata, na kenge akawamaliza wote katika mwezi mmoja. Baba bado anaipenda hadithi hiyo na huwasimulia wageni hata wasiouliza.

Mimi sasa nafundisha shule ya msingi huko Mtunda, na mdogo wangu ni fundi umeme Kibiti. Mwezi uliopita tulikwenda kuwaona baba na mama. Wanajenga nyumba nyingine, juu zaidi, maji yasikofika. Tuliwakuta wamesimama kwenye msingi wanabishana mlango wa jiko utazame wapi. Baba alitaka utazame barabarani, apate kuona wapitao. Mama alitaka utazame upande usio na upepo, moshi usimrudie. Baba akaniomba nimsaidie. Nikamwambia mimi ni mgeni tu, nimekuja kula.

Walibishana mpaka fundi akaketi kwenye ndoo kuwasubiri. Mwisho baba akasema haya, mwenye jiko ni wewe. Ila dirisha litazame barabarani. Mama akafikiri kidogo, akakubali dirisha.