Kidole Kisichoshika Msasa

Mama alipofariki, baba alihama Mwananyamala akaja kwangu Bunju na patasi zake za kuchongea vinyago. Cha kwanza hakuulizia chumba, aliulizia atapigia wapi kura. Uchaguzi haujawahi kumpita. Nikamwambia tulia mzee, siku hizi kuhamisha kadi unaanzia kwenye simu, kituoni unaenda kumalizia picha na vidole tu.

Nilipoingiza namba ya kadi yake ya kura, nikakuta ombi la kuhama lipo tayari. Anahamia Kipawa. Sie Kipawa hatuna hata shangazi.

"Baba, kadi yako umempa nani?"

"Sijampa mtu. Kuna kijana mpole alikuja kule nilipokuwa nachonga, kanipa shikamoo, akaipiga picha. Kasema ananiepusha na foleni."

Mie nina hasira za karibu, na shikamoo hiyo iliniuma. Usiku kucha nilimwona baba akirudishwa mlangoni siku ya kura, kura yake kapewa mwingine.

Asubuhi niliingia kituoni na baba, maneno yakiwa mdomoni, nikayamwaga yote. Karani akalifungua lile ombi kwenye mashine.

"Dada, punguza moto. Hilo ombi limeanzwa, halijaisha. Haliishi mpaka mwenyewe aje na vidole vyake. Mzee, weka hapa."

Baba akaweka gumba. Mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Miaka ya kusugua mpingo kwa msasa imemfuta alama, ncha za vidole zimebaki laini. Karani akaanza kumwangalia kwa jicho jingine, na mie nikanywea. Tumekuja kumshtaki mwizi, sasa wezi tunaonekana sie.

"Tujaribu hiki," baba akasema, akanyoosha kidole cha mwisho cha kushoto. "Huyu mvivu. Nikishika msasa, yeye hukaa pembeni."

Mashine ikasoma. Sura yake ya zamani ikatokea kwenye kioo, ndevu bado nyeusi. Karani akacheka, akalifuta lile ombi la Kipawa, akampiga picha mpya. Nilikaa kwenye benchi, nikasema alhamdulillahi mpaka watu wakageuka.

Kesho yake nilimkuta uani anasugua kinyago, kidole kile kakifunga kitambaa.

"Umejikata, baba?"

"Sijajikata," akasema. "Nakitunza mpaka siku ya kura."