Mtaa wa Harney Chini ya Majivu

Kwa miaka ishirini na miwili Justina Tuitt alikuwa fundi cherehani mjini Plymouth, na katika kisiwa kizima cha Montserrat, Karibi, hakukuwa na mcheza ngoma wa Krismasi ambaye nguo yake haikupita mikononi mwake. Chumba chake kilikuwa ghorofani, Mtaa wa Harney, dirisha likitazama bahari. Wateja walipanda ngazi na vitambaa na umbea. Vitambaa wakaviacha, umbea wakashuka nao umeongezeka.

Mwaka 1995 mlima wa volkeno juu ya mji ukaanza kufoka. Aprili iliyofuata watu wakaamriwa kuhamia kaskazini, kwa siku chache tu, walivyoambiwa. Justina akabeba Biblia, mkasi mzuri na sufuria moja. Alilala kanisani miezi saba, juu ya mabenchi mawili yaliyounganishwa. Mwaka 1997 mlima ukashusha moto na mawe, mji ukamezwa. Watu wengi wakakimbilia ng'ambo. Yeye akabaki, akaanza upya Brades, huko kaskazini, kwa cherehani ya msaada. Ila kusini hakukanyaga tena. Wageni walipoanza kuletwa kuutazama mji uliozikwa, yeye alisonya tu. "Waende. Mimi sina la kutazama huko."

Aliyemtoa nyumbani alikuwa Arlette Daley, mteja wake wa zamani. Alikuja Machi kutoka Leicester, Uingereza, mama wa miaka hamsini na mitatu, akaingia bila kubisha hodi.

"Bi Justina, gauni langu la harusi liko wapi?"

Justina akamtazama juu ya miwani. "We mtoto, bado uko hai?"

"Nife sijalivaa? Niliolewa nimevaa gauni la kuazima lililonibana, pumzi inapanda haishuki!"

"Hata langu lisingekuingia. Uliniahidi utaacha mikate, ukaacha kweli?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Gauni lile lilikuwa limebakiza pindo tu siku ile ya kukimbia, likaachwa limevikwa sanamu ya kupimia. Arlette alitaka kupaona pale lilipoachwa. "Usiponisindikiza nitakwenda peke yangu, nilie mbele ya wageni, uaibike wewe."

Wakaenda na Sweeney, mpiga ngoma wa zamani ambaye sasa huongoza wageni. Ndani ya gari walikuwamo watu wanne walioshuka melini. Polisi wakafungua kizuizi cha eneo lililokatazwa, gari likapanda mpaka kwenye hoteli iliyohamwa, bwawa lake la kuogelea limejaa majivu na magugu. Kutoka ukumbini mji ulionekana chini: uwanda wa kijivu, mapaa machache yamechomoza.

Sweeney akanyoosha kidole. "Pale palikuwa na duka la dawa. Kushoto kwake ndiyo Mtaa wa Harney."

"Sweeney."

"Naam, Bi Justina."

"Mtaa wangu unauhamishia wapi? Hilo ni paa la ghala. Ndiyo maana kila Krismasi ulichelewa kuja kupimwa suruali, kumbe njia ulikuwa huijui."

Wageni wakacheka, na Sweeney mwenyewe akavua kofia. "Basi tuongoze wewe, mama."

Justina akaanza gatini. Akaupanda mtaa kwa kidole, nyumba kwa nyumba: mwokaji aliyeimba kuliko alivyooka, wajane wawili waliogombea kivuli cha ukuta mmoja, mwalimu wa kinanda mwenye mbwa kiziwi. Kamera zikashuka. Mtu mmoja akaomba arudie habari za wajane.

Kisha kidole kikafika nyumbani kwake. Pale alipopatazama hapakuwa na paa wala ukuta. Palikuwa na jiwe kubwa kama basi, na vichaka juu ya majivu. Miaka yote hiyo alikuwa ameamini, bila kumwambia mtu, kwamba chumba kipo chini mle kama alivyokiacha: cherehani, kikombe cha chai, gauni jeupe gizani.

"Hakuna kitu chini pale, Arlette," akasema polepole.

"Najua."

"Mimi sikujua."

Arlette akamshika mkono, naye hakuuondoa. Upepo ukaleta harufu ya kiberiti. Hatimaye Sweeney akamwuliza kwa upole, "Baada ya mwalimu wa kinanda, Bi Justina, alifuata nani?"

Akavuta pumzi, akaendelea mpaka mwisho wa mtaa.

Waliporudi walisimama kijijini Salem, Justina akala mabakuli mawili ya mchuzi wa mbuzi, akiwa bado anakumbuka majina mengine. Wiki mbili baada ya Arlette kuondoka, Sweeney alipita kuuliza kama angependa kwenda tena, na siku hizi Justina huenda naye kila meli ikifika. Kuhusu nyumba yake mwenyewe hasemi mengi. Husema pale paliishi fundi mmoja, halafu husogea kwa jirani, maana jirani, asema, ndiye aliyekuwa na vituko.