Mashavu ya Mtoto wa Kiilu

Kiilu wa mashine ya unga pale Ruiru hakuwa mtu wa kujificha. Alijivuna hata kofia yake ikipata unyoya, sembuse mtoto. Wenzake waliobeba magunia walikula isyo, mahindi na maharagwe katika sufuria moja, wakashiba, wakajamba, wakarudi kazini. Kiilu alikula nao, lakini mwanawe Mbuvi hakuruhusiwa hata kuionja. Maharagwe ni chakula cha makuli, alisema; mtoto wa mtu wa mashine atakula kama watoto wa wazungu. Kila jioni alirudi na unga uliochekechwa mara mbili, mweupe kama bandeji, na mkewe Mbula akampikia mtoto uji. Titi nalo Mbuvi alikuwa ameachishwa, maana Mbula alikuwa na mimba nyingine, na kwao mtoto hanyonyi maziwa ya mwenzake aliye tumboni.

Mashavu ya Mbuvi yakajaa, miguu ikanenepa. Jirani yao Muasya akauliza kama mtoto analishwa au anatiwa pampu ya baiskeli, na aliyecheka zaidi ni Kiilu. Hakuna aliyeuliza kwa nini kinono kama huyo hataki kucheza, au nywele zake zimegeukaje nyekundu kama ndevu za mahindi.

Kisha akaanza kuhara. Mbula akapunguza uji ukawa mwepesi, akaupunguza tena ukawa maji, na kuhara hakukukoma. Ndipo Kiilu akambeba mpaka hospitali ya Thika.

Gachanja, dresa aliyehudumia wagonjwa katika wodi ya watoto, alibonyeza mguu wa Mbuvi kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Hii si nyama, ndugu yangu," alisema. "Ni maji."

Akamweleza polepole. Utumbo una ukuta, na ukuta huo hubomoka na kujengwa kila siku. Maharagwe, maziwa na nyama vikifika tumboni huvunjwavunjwa vikawa vipande vidogo sana, na vipande hivyo ndivyo matofali ya ukuta. Uji mtupu ni kuni tu, unawaka, haujengi. Tena humo ndani wanaishi vijidudu, wapangaji wa siku zote. Ukuta ukiwa mzima wanakaa kwa adabu, ukipasuka wanaleta fujo. Kiilu aliitikia kila neno, naye hakusadiki hata moja. Matofali tumboni!

Mbuvi akapewa maziwa ya unga, kijiko kwa kijiko. Mwanzoni yalipita kama mvua kwenye paa bovu. Baadaye yakaanza kukaa. Mbula, aliyelala naye wodini, alimwona akinyoosha mkono kukitafuta kikombe.

Lakini maji yalipotoka mwilini, mashavu yalitoka nayo. Jumapili Kiilu alipokuja alikuta kitandani kizee kidogo chenye mbavu za kuhesabika.

"Aliingia na mashavu, daktari. Nani amekula mashavu ya mtoto wangu?"

Gachanja akamwambia hapo ndipo pa kushukuru, kwamba maji yameondoka na sasa ujenzi unaanza. Kiilu alikuwa tayari anakunja blanketi.

"Baba Mbuvi, jana alicheka," Mbula alisema.

"Mwenye mbavu hizi akicheka, anaaga."

Gachanja aliwafuata hadi mlangoni. "Ukimrudisha kwenye uji wako, huo ukuta utaanguka, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Kiilu alimshukuru kwa heshima zote, akaondoka na mwanawe mgongoni.

Ruiru uji mweupe ukarudi, na haukupita muda mrefu mashavu yakarudi pia. Kiilu alitoka nje ya nyumba kumwita Muasya aje aone. Ndani, Mbula alikuwa akimwogesha Mbuvi karaini. Alibonyeza mguu kwa kidole gumba kama alivyofanya Gachanja, akakiondoa, akangoja. Shimo halikujaa.

Kwa siri alikuwa amechemsha maharagwe, akayaponda mpaka yakawa laini. Akamtoa karaini, akamtilia kidogo mdomoni. Mbuvi hakukataa wala hakumeza. Yalitiririka kidevuni polepole, na Mbula akayapangusa kwa kanga yake.

"Mnaona?" Kiilu alikuwa akiwaambia watu mlangoni. "Hospitali walitaka kunimalizia mtoto."

Mbula akamfunika Mbuvi miguu.