Baba mkubwa alivyotema tonge kwenye mgahawa usio na nyama pale Korogwe

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa shambani na wa ofisini.

Najua humu chai za visa vya kutunga zinanywewa kila siku, kwa hiyo nasema mapema: kisa hiki ni changu na wahusika wote wako hai. Majina tu nimebadilisha, maana baba mkubwa ana wajukuu wenye simu.

Mimi ni Mzigua wa Handeni, fundi pikipiki. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na kaka yake, ndiye huyo baba mkubwa. Ni mkulima, mtu wa swala tano, na akishasema neno amesema. Kwetu hakuna posa inayoondoka nyumbani bila yeye kuitangulia.

Mchumba wangu, tumwite Neema, ni wa Kilole, Korogwe. Babu yake alitoka Njombe enzi hizo kuja kukata mkonge, akazikwa hukuhuku. Kwao ni Wakristo, ingawa ana shangazi walioolewa na Waislamu na wanafunga Ramadhani kama kawaida.

Baba yake Neema alishatangulia mbele ya haki. Nyumba inashikwa na mama yake, mama mmoja mnyoofu, hayumbishwi na mtu.

Sasa twende kwenye tatizo.

Tulikwenda kujitambulisha. Mama Neema alijipanga wakuu, siwadanganyi. Jogoo wa kienyeji kaungwa nazi, wali, mchicha, matunda pembeni. Harufu tuliipokea tukiwa bado barabarani.

Baba mkubwa akanawa, akapiga bismillah, akakata tonge. Kabla halijafika mdomoni akauliza kwa upole kabisa, "Samahani mama, huyu kuku kachinja nani?"

Mama Neema akajibu bila wasiwasi, "Nimechinja mwenyewe mzee. Nyumba hii haina mwanaume."

Baba mkubwa akalirudisha tonge sahanini. Akanawa tena. Akashukuru, akaomba maji ya kunywa.

Basi. Hakugomba wala hakutukana. Afadhali angegomba, tungemtuliza.

Mama Neema aliitazama ile sahani ikirudi jikoni kama ilivyokuja. Tulipoaga hakutusindikiza hata mlangoni.

Jioni Neema akanipigia huku analia. Mama yake amesema mtu asiyeweza kula kwake hawezi kuchukua mwanae. "Anasema nitaenda kuwa najisi kwenye nyumba ya watu."

Wakuu, neno lile liliniuma. Nilikaa juu ya tairi pale gereji, mteja ananiuliza pikipiki yake imefikia wapi, mimi nampa ufunguo wa pikipiki ya mtu mwingine.

Nikaenda kwa baba mkubwa. Akasema, "Sijamtukana mtu. Sikula tu. Kwani kutokula ni kosa?"

Nikaenda kwa Neema. Akasema maji yameshamwagika, hayazoleki. Nikamwambia sawa, hayazoleki, lakini ndoo bado ipo, tutachota mengine.

(Hapa najua masheikh na wachungaji wa humu mmeshaanza kutafuta aya. Naomba huo mjadala mkaufanye kwenye jukwaa lake. Mimi nilikuwa natafuta mke.)

Niliapa moyoni kwamba sitaoa mwingine, na sitaoa kwa kutoroka. Baba mkubwa atatangulia na mama Neema atapokea. Kama ni kichwa kigumu, basi nami nimelelewa na nani?

Sasa pale Korogwe, kando ya barabara kuu, kuna mgahawa mmoja wa chakula cha Asia. Jina silitaji msije mkasema natangaza biashara.

Mwenyewe ni dada wa Lutindi. Alipika miaka mingi Dar kwa familia ya Kiasia ambayo dini yao haiwaruhusu kula chochote chenye uhai. Nyama hapana, mayai hapana, hata maziwa hapana. Vegan, wenyewe ndivyo wanavyoita. Aliporudi nyumbani akafungua sehemu yake, viti vya plastiki, vitambaa vya nailoni vya maua, masufuria yanang'aa. Wateja wake ni wasafiri, walimu, na Wasabato ambao mchana ukifika wanajaa pale hadi nje.

Nilikuwa nimewahi kula pale nilipokwenda kununua spea. Siku moja nikiwa tena juu ya tairi pale gereji ndiyo nikapata akili. Mahali pasipo na nyama hapana mchinjaji. Pasipo na mchinjaji hapana swali. Wazee watakula, watashiba, watazungumza.

Kuwashawishi sasa.

Baba mkubwa: "Hoteli isiyo na nyama? Hiyo ni hoteli au ni wodi?"

Nikamwambia baba, hapo hata sufuria haijawahi kugusa kitu cha kukutia shaka. Akafikiri. Akauliza mpishi ni wa wapi. Nikasema Lutindi. "Lutindi ile ya misheni?" Nikasema ndiyo, ila mchicha hauna dhehebu. Akacheka kidogo, akakubali.

Mama Neema alikubali kwa shingo upande. Alimwambia Neema, "Nitakuja. Lakini nitakula nyumbani kwanza, nisije nikatazamwa sahani."

Siku ikafika. Baba mkubwa na kanzu yake, mimi na shati jipya. Tukawakuta wamekaa tayari, mama Neema amevaa kitenge cha heshima lakini uso umefungwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Habari za siku?"

"Nzuri."

Salamu zikaishia hapo. Neema ananitazama, mimi natazama chupa ya pilipili.

Nikaagiza haraka. Tambi za kukaanga na karoti na kabichi, vile visambusa virefu vya mboga, tofu ya mchuzi wa tangawizi, wali. Kwa wasioijua tofu, ni soya inasagwa, inakamuliwa, inagandishwa, inakuwa kama jibini laini.

Kukawa na vijiti mezani. Baba mkubwa akaviinua, akavikagua, akauliza ni vya kuchokolea meno? Mama Neema akauma mdomo asicheke. Niliona.

Tukala kwa mikono na vijiko. Baba mkubwa alionja tofu kwa mashaka, akarudia, akarudia tena. Tambi akazisifia. Mama Neema, yule aliyesema amekula nyumbani, akajikuta anamuuliza Neema pilipili hii wameiweka nini. Wakuu, moyo wangu ulikuwa unapanda. Nikaanza kupanga jinsi ya kuingiza suala la posa.

Hapo ndipo dada wa Lutindi akaja na sahani moja ya ziada. "Hii ni zawadi ya nyumba kwa wazee," akasema, akaiweka katikati, akarudi jikoni.

Vipande vya kahawia, vimekaangwa, vina nyuzinyuzi, vinang'aa mchuzi. Mimi sikuwa nimewahi kuviona.

Baba mkubwa akachukua kipande kikubwa. Akatafuna. Akatafuna tena, polepole. Kisha taya likasimama.

Akatoa leso, akatema.

"Hii ni nyama."

Nikasema baba, hapa hapauzwi nyama.

"Athumani, mimi nimekula kuku tangu kabla baba yako hajazaliwa. Hii ni nyama ya kidari. Umenitoa Handeni kuja kunilisha nyama isiyojulikana kachinja nani?"

Meza za jirani zikageuka. Neema akaweka mikono usoni. Nami nikamgeukia mama Neema, nikijua huu ndio mwisho, atanyanyuka aondoke.

Mama Neema akafuta mdomo kwa utulivu, akasema, "Safari hii sijachinja mimi."

Baba mkubwa akasimama, akavaa kofia yake, akaanza kwenda mlangoni.

Wakuu, katika maisha yangu sijawahi kumzuia yule mzee kwa lolote. Aliyenisomesha, aliyenipeleka jandoni, aliyebakiza kuniozesha tu. Lakini siku ile miguu yangu ilinitangulia nikajikuta nimesimama mlangoni.

Nikasema, "Baba, nimekuheshimu maisha yangu yote na nitaendelea. Ukitaka kunipiga nipige. Lakini leo hutoki hapa kabla hujaliona jiko."

Nikashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. Sikusogea.

 Baba mkubwa akageuka, akaelekea jikoni. Mzee ambaye kwake hajui hata chumvi inakaa wapi, akaingia jikoni kwa watu na kanzu yake nyeupe.

Dada wa Lutindi alishtuka, lakini alipoelewa akacheka, akasema mzee karibu, hakuna siri. Akatoa bonge la unga wa ngano uliokandwa kwa maji. Akasema hiki ndicho ulichokula. Tunakiosha.

"Unga unaoshwa?" Hii ilikuwa sauti ya mama Neema. Alikuwa ametufuata, amesimama nyuma yangu.

Dada akaanza kuuosha kwenye beseni, lakini wateja wakawa wanaita huko nje. Mama Neema akakunja mikono ya gauni lake la kitenge. "Lete hapa mwanangu, kahudumie watu. Utanielekeza."

Akauchukua ule unga, akauzamisha majini, akaukamua, akaukanda. Maji yakageuka meupe kama tui. Akamwaga, akaweka mengine. Baba mkubwa amesimama juu yake, mikono nyuma, kama bwana shamba anayekagua miche.

"Unapungua," akasema baba mkubwa.

"Unapungua," mama Neema akajibu. "Sijui utabaki nini."

Yalikuwa maneno yao ya kwanza yasiyo na mwiba tangu siku ya jogoo.

Kilichobaki ni kitu cha kunatanata, ukikivuta kinavutika, ukikiachia kinarudi. Dada akapita, akaelekeza: kata vyembamba, chemsha kwenye mchuzi wa soya na tangawizi na kitunguu saumu, kisha kaanga. Mama Neema akafanya yote. Baba mkubwa hakubandua macho kwenye ile sufuria hata mara moja.

Vilipoiva vilikuwa na nyuzinyuzi vilevile, kahawia ileile.

Mama Neema akachota kipande kimoja kwenye kisahani, akamgeukia. Sasa alikuwa anamtazama usoni.

"Haya mzee. Hiki nimekipika mimi mwenyewe kwa mikono hii. Hakijawahi kuwa na shingo. Kula, au acha nijue moja."

Nilijua anachouliza. Hakuwa anauliza kuhusu ngano.

Baba mkubwa akasema bismillah. Akala.

Akatafuna mpaka mwisho, akameza. Akanyoosha mkono akachukua cha pili bila kukaribishwa. Nikamwona Neema mlangoni machozi yanamtoka, na mimi nikajifanya moshi umenipata.

"Mama Neema," baba mkubwa akasema, "siku ile nilikuaibisha nyumbani kwako."

Mama Neema akaweka mwiko chini.

"Imani yangu siwezi kuibadilisha. Lakini ningeweza kukuuliza kabla hujahangaika, nikakuuliza watu wameshakaa mezani. Lile ni kosa langu. Na harufu ya yule jogoo nilirudi nayo mpaka Handeni."

Mama Neema akacheka. Alicheka hadi akashika ukingo wa meza.

"Basi nitakuja tena," mzee akaendelea. "Nitakuja asubuhi, mapema, nichinje mwenyewe, upike wewe."

"Njoo na kisu chako," mama Neema akasema. "Changu ni cha kukatia mchicha."

Na alikwenda wakuu. Aliondoka Handeni alfajiri, kisu amekifunga kwenye gazeti. Kibla aliulizia kwa jirani. Mama Neema ndiye aliyeshika mabawa na miguu, mzee akachinja, na wote wawili wakawa wanabishana maji ya kunyonyolea yamechemka au bado.

Kabla sijamaliza, niseme nilichojifunza. Mimi nilidhani njia ya kuleta amani ni kutafuta mahali ambapo lile swali haliwezi kuulizwa. Nikavuka wilaya kulikwepa na likanifuata mpaka kwenye sahani ya ngano. Lililosaidia ni watu kuingia jikoni pamoja. Kijana mwenye wazee wawili wasiopatana, usikate tamaa ukakimbilia kutorosha mtoto wa watu. Simama mlangoni, hata kama unaogopa.

Wenye ndoa za dini mbili humu, suala la kuchinja ninyi mlilivukaje? Nisaidieni, maana harusi inakuja na ukoo wetu ni mkubwa. Na wa kuuliza kama ngano ile ni tamu: ni tamu, lakini msiwape wazee bila kuwaeleza.

Posa ilipokelewa siku hiyohiyo ya kisu.

Mama Neema alipakua mwenyewe, akapita watu wote, akaenda kuweka firigisi kwenye sahani ya baba mkubwa. Mzee akaila yote, wala hakumkatia mtu.

Neema akaniinamia sikioni, akaninong'oneza kwamba tangu baba yake afariki, ile firigisi mama yake alikuwa haiweki mbele ya mtu yeyote.