Mlango wa Choo cha Wasichana

Nilipovunja ungo, somo yangu, kungwi aliyenifunda, alinifundisha kukunja sodo za kanga kuukuu, kuzifua, na kuzianika juani zikiwa zimefunikwa kwa shuka. Nyumbani hayo yaliwezekana. Skuli ndiko kulikokuwa na kazi, kwani choo chetu wasichana hakikuwa na mlango wala maji. Kila mwezi nilikosa masomo, na mwenzangu wa dawati, aliyetoka Mtoni, vivyo hivyo.

Siku moja nikachoka. Nikamwambia, "Mie nnakwenda kwa mwalimu mkuu."

"Utamwambia nini? Mwanamme yule!"

"Ntamwambia kweli."

Niliingia ofisini kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Wasichana tukiwa na hedhi hatuji skuli. Choo hakina mlango, na hatuna maji ya kujisafishia."

Akageukia dirishani. Nilidhani atanifukuza.

"Mbao hazipatikani," akasema mwishowe. "Mlango sina wa kukupeni."

"Basi turuhusu tutie wenyewe."

Akaturuhusu. Mama yake mwenzangu akatupa makuti na fito, tukafunga mlango kwa kamba za usumba wa nazi. Ulikuwa umekwenda upande, lakini ulifungika. Kila asubuhi tulipokezana kuteka maji. Wavulana walitucheka na ndoo zetu kichwani, hatukuzitua.

Mwezi uliofuata, damu ilinijia katikati ya somo la hesabu. Nikaomba ruhusa, nikaenda kujisitiri, nikarudi kumalizia hesabu zangu.