Tairi la Masika

Esteri hajui jina la bodaboda wake, ila kisogo chake anakijua vizuri. Kila siku ya gulio humbeba kutoka Kasulu mjini hadi Makere, naye hupakata kapu lake la maharage huku ameegemea tairi jipya lililofungwa kwenye keria kwa mpira. Bodaboda alilichagua dukani kwa Nurudini asubuhi nzima, akiminya kashata zake, yale meno ya mpira, kwa dole gumba na kulinusa kama anayenunua samaki, maana alitaka lile hasa la kushika matope. Chini, tairi la nyuma linalozunguka ni kipara kitupu.

"Mwanangu, hili jipya utalifunga lini?" Esteri humuuliza.

"Masika yakiisha, mama. Matope haya yatalimaliza."

Kila wakisimama, bodaboda hulipangusa kwa leso ambayo Esteri hajawahi kuiona ikigusa uso wake. Juzi mvua iliwakuta kwenye mteremko. Bodaboda alisimama, akavua koti lake la mvua. Esteri akanyoosha mkono kulipokea, anashukuru, kumbe koti ni la tairi. Hawakufika mbali. Pikipiki iliserereka, wakajikuta mtaroni, maharage yametapakaa.

"Yoo, mguu wangu!" Esteri alilia.

Bodaboda aliinuka akichechemea, akafunua koti, akapapasa kashata moja baada ya nyingine, kisha akashusha pumzi.

"Tumshukuru Mungu, mama," alisema. "Hebu fikiria ningekuwa nimelifunga."